Presha ya baa 10 ya hewa si baa 10 ya maji, nimechoka kusema

Jana tena. Niko karakana moja huku Shimanzi, Mombasa, tangi la lita 500 limechomelewa vizuri tu, kijana anavuta paipu ya kompresa. Namuuliza presha testi, ile ya kulitia presha kuona kama weldi zashika, wafanya na nini, anajibu "Hewa mzee, maji ni mazito yatalipasua." Haya nimeyasikia Changamwe, nimeyasikia bandarini, nimeyasikia hata kwa mtu mwenye kofia nyeupe ya injinia.

Sikiliza bwana. Tangi hilo likishajaa maji, kulifikisha baa 10 waongeza kama glasi moja tu, robo lita hivi, na kidogo zaidi maana chuma nacho chatanuka. Maji hayabonyei ila kidogo mno. Weldi ikiachia, ile glasi yachuruzika, geji yaanguka sifuri, umelowa viatu basi. Hewa sasa, kufika baa 10 hiyo hiyo umeshindilia humo kama lita 5,000 zaidi na zote zataka kutoka kwa mpigo mmoja, yaani nguvu iliyojificha mle yazidi ya maji maelfu ya mara. Geji inasoma namba ile ile.

"Mbona tangi la kompresa lina hewa kila siku?" Lilishatestiwa! Wewe hujui hili lako kama litashika, ndo maana unatesti.

Wanaoniudhi zaidi ni wale wa maji nusu nusu. Wanajaza kwa chini, valvu ya juu hawafungui, hewa inajikusanya pale kichwani halafu wanapiga pampu. Hiyo ni testi ya hewa yenye maji chini yake. Fungua juu mpaka maji yatoke bila kukohoa. Na ukipiga pampu ya mkono wee na sindano ya geji inapanda kivivu, mara nyingi ni hewa imebaki, shusha presha uanze upya. Boliti ya flanji, ile sahani ya kuungia paipu, haikazwi presha ikiwa ndani, hilo hata sielezi. Na kwa stenlesi msiniletee maji ya bahari wala ya kisima cha chumvi, yataitoboa vijitundu baadaye mje mumlaumu mchomeleaji.

Hewa ina siku yake sikatai. Paipu za friji hazitaki maji, huko twatumia naitrojeni, tena kwa hatua, wasimama kila hatua, watu wote nje. Nje mita ngapi? Hesabu zipo, ila karakana zetu zimebanana na ukuta wa jirani ni mabati, mara nyingine jibu la hesabu linaangukia barabarani. Hapo naahirisha kazi, bosi ananuna. Hata ile ya kupaka sabuni kutafuta mapovu haijawahi kunikaa sawa, maana lazima usogee karibu presha ikiwa ndani, naipunguza kwanza lakini bado moyo wadunda.

Kijana mwishowe alijaza maji, kwa shingo upande. Baa 8 hivi, shingo ya nozeli moja, ule mdomo wa kuungia paipu, ikaanza kutoa jasho. Akaitazama, akatazama ile paipu ya kompresa, akaenda kuikunja.