Chakula cha akiba ya dharura hudumu muda gani? Tazama joto la stoo kabla ya tarehe

Masika yanapokaribia, maswali ya kitengo chetu cha ubora wa chakula hufanana. Shule ina maboksi ya biskuti za dharura, kampuni ya boti ina vifurushi vya uokozi, kamati ya maafa ya kata ina makopo ya maharage, na tarehe iliyochapwa imepita au iko mbioni kupita. Je, vitupwe? Wachache huuliza kinyume chake: tarehe bado miaka miwili, basi si kosa kuviacha kwenye kontena la chuma nyuma ya bohari? Hao wa pili ndio wanaotutia wasiwasi zaidi.

Jaribio kubwa kuliko yote la chakula cha aina hii lilifanyika Marekani, na waliolianzisha hawakukusudia liwe jaribio. Julai 1961, hofu ya vita vya nyuklia ikiwa juu, Rais John F. Kennedy alitangaza kuwa majengo yanayofaa kukinga watu dhidi ya vumbi la mionzi yatawekewa alama na kujazwa chakula, maji na vifaa vya huduma ya kwanza. Kila mtu alitengewa kalori 10,000 za kumtosha wiki mbili, yaani kama kalori 700 kwa siku. Hicho ni chakula cha mtu aliyeketi gizani akisubiri, si cha mtu anayefanya kazi. Sehemu kubwa ilikuwa biskuti za ngano zilizofungwa katika makopo makubwa ya bati, zikisindikizwa na peremende ngumu zenye ladha ya limau na cheri.

Vita haikuja, biskuti zikabaki. Kufikia miaka ya 1970 vipimo vilionyesha kuwa mafuta ya nyingi kati yake yamechacha, na mamlaka za miji zikashauriwa kuziondoa. Si zote zilizoondolewa. Machi 2006, wafanyakazi wa jiji la New York waliokuwa wakikagua Daraja la Brooklyn waliingia katika chumba kilichosahaulika ndani ya msingi wake wakakuta mapipa ya maji, dawa, mablanketi ya karatasi na biskuti zilizokadiriwa kufika 352,000. Baadhi ya masanduku yalikuwa na mihuri ya 1957 na mengine ya 1962. Aliyethubutu kuonja alisema ni kama kutafuna kadibodi, tena kuna ladha inayong'ang'ania kooni baada ya kumeza.

Ladha hiyo inayong'ang'ania ndiyo hasa mada yetu. Bakteria na ukungu huhitaji maji ili wazaliane, na biskuti ya dharura iliyookwa vizuri ni kavu mno kwao, hata ikae miongo mingapi. Adui wake ni hewa. Oksijeni iliyobaki ndani ya kopo siku lilipofungwa hushambulia mafuta na kuyavunja kuwa kemikali ndogondogo zenye harufu. Kwa muda mrefu huoni dalili. Kisha sehemu zilizokwisha kuharibika huchochea kuharibika kwa zilizobaki, na ndani ya miezi michache biskuti iliyokuwa nzuri hunuka kama rangi ya mlango. Peremende zile hazikuwa na tatizo hilo kwa sababu hazina mafuta.

Sasa tuje kwenye joto. Kanuni ya kukadiria tunayoitumia maabara ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya kuharibika huongezeka karibu mara mbili, na kwa baadhi ya vyakula hata zaidi. Chakula cha vifurushi cha jeshi la Marekani, maarufu kama MRE, hutarajiwa kudumu angalau miaka 3 kikiwa katika nyuzi 27. Kikiwekwa katika nyuzi 38 hukadiriwa kudumu miezi 6. Hiyo ni tofauti ya nyuzi 11 tu. Ndiyo maana maboksi yake hubandikwa kibandiko kinachobadilika rangi kadiri joto linavyojikusanya: duara la katikati likiwa jeusi kuliko pete inayolizunguka, chakula hicho hukaguliwa kabla ya kugawiwa, tarehe iwe imefika au la.

Wastani wa joto la mwaka Dar es Salaam ni karibu nyuzi 26, na mchana wa Januari au Februari hupanda hadi 31 au 32 kivulini. Chini ya bati lisilo na dari huzidi hapo, na ndani ya kontena lililoanikwa juani huzidi sana. Wasomaji wetu wa Maskati, ambako mchana wa Juni hupita nyuzi 40, hawahitaji kuambiwa. Mtengenezaji anapoandika miaka 5 amechukulia kuwa mzigo utakaa mahali pakavu na baridi. Ukiuweka kwenye kontena umevunja masharti ya ahadi yake, wala usimlaumu.

Baada ya joto, tazama aina ya mafuta. Mafuta ya nazi na ya mawese yana sehemu kubwa isiyoshambuliwa kirahisi na oksijeni, ndiyo sababu viwanda vingi vya biskuti za dharura hupenda mawese. Alizeti ni nzuri jikoni lakini huchacha mapema. Karanga nazo ni hivyohivyo, na hapa utastahi kazi iliyofanywa kwenye chakula dawa cha watoto wenye utapiamlo mkali, kile cha kifuko cha gramu 92 chenye kalori 500. Kimejaa karanga na mafuta, lakini hakina maji, na hewa ya kifukoni huondolewa ikawekwa nitrojeni, hivyo hupata miezi 24.

Dona ni habari hiyohiyo. Imesagwa pamoja na kiini cha mahindi, na mafuta yako kwenye kiini; mara punje inapovunjwa, hewa imeshapata njia. Kwa mlo wa kila siku dona ina lishe kuliko sembe, na mimi mwenyewe naipendelea, lakini kwa akiba ya dharura haifai. Weka mahindi yenyewe. Yakaushwe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kisha yafungwe kwenye mifuko ya PICS, ile isiyopitisha hewa yenye tabaka tatu. Wadudu waliomo humaliza oksijeni wakafa bila dawa yoyote. Mchele mweupe nao huvumilia miaka mingi ukifungwa pasipo hewa. Ule wa kahawia, wenye pumba zake, huhesabiwa miezi 6 tu katika stoo ya kawaida.

Wahudumu wa boti huuliza kwa nini biskuti za uokozi baharini zina protini kidogo kiasi kile. Mwili ukivunja protini huzalisha taka ambazo figo lazima zizitoe kwa mkojo, na aliye kwenye boti ya kuokolea hana maji ya kuchezea. Kanuni za kimataifa za vifaa vya uokozi zinataka boti ya kuokolea iwe na chakula kisichopungua kilojuli 10,000 kwa kila mtu, yaani karibu kalori 2,400, na maji lita 3. Vifurushi vingi vya namna hii hupewa miaka 5. Kwa hivi sina huruma hata kidogo: tarehe ikifika, vibadilishwe. Vimekaa sitahani, juani, ndani ya kasha ambalo hulifungui kila wiki kukagua.

Kwenye bohari ya nchi kavu naruhusu ukaguzi, mradi kumbukumbu za joto zipo. Tundika kipimajoto karibu na dari na uandike usomaji wa mchana kila siku. Unapochukua sampuli, fungua boksi la juu kabisa karibu na bati, si la chini penye ubaridi ambalo ndilo wengi huchomoa. Kata kifuko, kisha nusa papo hapo, kwa sababu harufu iliyofungiwa hutoroka haraka. Pua ikisita, peleka maabara wakapime peroksaidi, yaani kemikali zinazotokea oksijeni inaposhambulia mafuta.

Kuna kinachotoweka bila kunusika: vitamini. Meli ya mvuke Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani, mwaka 1865, ikafukuliwa mwaka 1968 kutoka kwenye tope. Makopo yake ya matunda, chaza na mboga yalipopimwa mwaka 1974, zaidi ya karne moja baadaye, hayakuwa na vijidudu, na madini ya kalisi yalikuwepo. Vitamini A na C ndizo zilizopungua sana. Familia iliyozingirwa na mafuriko siku tatu haitadhurika kwa hilo. Anayelishwa akiba hiyo wiki kadhaa kambini anahitaji hesabu tofauti, na msimamizi asiridhike kwamba biskuti bado ni tamu.

Makopo yana sheria zake. Nyanya na nanasi zina asidi inayokula bati, kwa hiyo ubora wake huhesabiwa miezi 12 hadi 18. Maharage, nyama na samaki, miaka 2 hadi 5. Kutu ya juu inayofutika kwa kitambaa si neno. Kopo lililovimba, linalovuja, lililobonyea kwenye mshono au linalorusha majimaji likitobolewa lisionjwe hata kwa ncha ya ulimi, kwa kuwa sumu ya botulini haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Na vilivyokwisha muda? Desturi yetu ni kuvipa mifugo, na hapo ndipo kosa kubwa hutokea. Biskuti iliyochacha kidogo, isiyo na ukungu, inaweza kuchanganywa kwa kiasi kidogo katika chakula cha nguruwe au kuku baada ya kuulizwa ofisa mifugo. Mahindi au unga wenye ukungu usipewe mnyama yeyote. Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu huo, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi. Mzigo wa namna hiyo wape taarifa maofisa wa afya wa halmashauri wasimamie uteketezaji wake. Kuufukia tu shimoni nyuma ya shule hakutoshi, maana kuku wa jirani hufukua.