Nani anaongoza Marekani? Namna ya kusoma utafiti wa maoni ya wapiga kura

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, redio na mitandao yetu hujaa habari za aina moja: leo mgombea huyu anaongoza kwa pointi 3 za asilimia, kesho mwenzake amempita. Takwimu hizo hazitungwi hewani, lakini pia hazihesabiwi kama kura. Zinatengenezwa kwa hatua kadhaa, na kila hatua ina mahali pake pa kuteleza.

Tuanze na ukubwa wa sampuli, yaani idadi ya wanaohojiwa kwa niaba ya wote, kwa kuwa husifiwa kuliko inavyostahili. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest lilisambaza karatasi za maoni zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, kisha likatangaza kwamba mpinzani wake, Alf Landon wa chama cha Republican, angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalikuwa yametolewa kwenye orodha za wenye simu na magari, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Isitoshe, wapinzani wa Roosevelt ndio waliokuwa na ari zaidi ya kurudisha karatasi. Mtafiti wa maoni George Gallup alihoji watu wachache mno kuliko hao, na akampata mshindi.

Siku hizi tafiti nyingi huhoji watu kati ya 800 na 1,500. Ukiwachagua watu 1,000 kwa bahati nasibu, kiwango cha makosa, yaani umbali ambao jibu linaweza kuwa mbali na ukweli kwa bahati tu, ni takriban pointi 3 juu au chini. Kwa watu 400 kinakaribia 5, na ili kukishusha hadi 2 unahitaji kama 2,400. Hapa ndipo waandishi wengi wa habari huteleza. Pointi 3 hizo ni za kila mgombea peke yake, ilhali pengo kati ya wagombea wawili lina makosa karibu maradufu. Kwa hiyo 48 kwa 45 katika utafiti mmoja haitoshi kumtangaza anayeongoza. Vikundi vidogo ni hatari zaidi. Ikiwa kati ya wahojiwa 1,000 Wamarekani weusi ni 110, makosa kwa kikundi hicho pekee ni kama pointi 9. Kichwa cha habari kinachosema “wapiga kura weusi wanamkimbia fulani” kwa kutegemea utafiti mmoja wa namna hiyo ni cha kupuuzwa.

Lakini hesabu hizo zote zinachukulia kwamba waliochaguliwa wamejibu. Hawajibu. Kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba katika tafiti zake za simu, kiwango cha waliojibu kilikuwa asilimia 36 mwaka 1997, na kufikia 2018 kilikuwa kimeporomoka hadi asilimia 6. Watu hawapokei tena namba wasiyoijua. Wasiojibu wakiwa na mawazo sawa na waliojibu, hakuna madhara. Wakitofautiana nao, utafiti unapinda, na kile kiwango cha makosa kilichoandikwa chini ya jedwali hakigusi kosa hilo hata kidogo.

Njia moja ya kukwepa tatizo la simu ni kuchagua anwani kutoka orodha ya posta, kuwaandikia watu barua, na kuwapa tarakilishi ndogo wasio na intaneti. Ni njia nzuri na ya gharama. Njia rahisi ni paneli za mtandaoni, yaani makundi ya watu wanaohojiwa mara kwa mara, ambazo mtu hujiunga mwenyewe kwa malipo kidogo. Baadhi ya hizo zimesimamiwa vizuri na hukaribia ukweli wa kura, ila kuna washiriki wanaobofya majibu ovyo ili walipwe, hasa wanaojitambulisha kuwa vijana. Mwaka 2024 Pew ilieleza kwamba katika paneli ya aina hiyo, asilimia 12 ya walio chini ya miaka 30 walidai wana leseni ya kuendesha nyambizi ya nyuklia. Ukiona takwimu ya kushtua kuhusu imani za vijana wa Marekani, uliza kwanza walipatikanaje.

Baada ya majibu kukusanywa huja kazi ya kuyapa uzito. Kama wazee wamejibu kupita idadi yao halisi nchini, jibu la kila mzee hupunguzwa nguvu na la kijana huongezwa, mpaka sampuli ifanane na sensa kwa umri, jinsia, rangi, eneo na elimu. Hapo ndipo utafiti unapojengwa au kubomolewa. Mwaka 2016 paneli moja kubwa ya taifa ilimpa kijana mmoja mweusi wa Illinois, mfuasi wa Donald Trump, uzito wa hadi mara 30 ya mhojiwa wa kawaida. Jibu lake peke yake lilitosha kusogeza matokeo ya Wamarekani weusi katika paneli nzima. Mwaka huohuo gazeti la New York Times liliwapa wataalamu wanne majibu yaleyale ya watu 867 wa Florida. Hesabu zao, pamoja na ya gazeti lenyewe, zilianzia Hillary Clinton kuongoza kwa pointi 4 hadi Trump kuongoza kwa pointi 1. Wahojiwa walewale, pengo la pointi 5, na wote walikuwa na sababu za kitaalamu za kutetea walichofanya.

Kosa lililogharimu zaidi mwaka huo lilikuwa elimu. Waliosoma chuo hujibu tafiti kuliko wasiosoma, na wazungu wasio na shahada walikuwa wameelemea kwa Trump. Tafiti nyingi za majimbo hazikurekebisha jambo hilo. Tafiti za taifa zima hazikwenda mbali na ukweli: zilimpa Clinton wastani wa pointi kama 3 mbele, naye akapata kura nyingi kwa pointi 2 hivi. Ila rais wa Marekani huchaguliwa kwa kura za wajumbe, 270 kati ya 538, na hizo hugawanywa kwa majimbo. Wisconsin, Michigan na Pennsylvania ziliamuliwa kwa jumla ya kura pungufu ya 80,000. Anayefuatilia urais kwa tafiti za taifa pekee anaangalia uwanja usio wenyewe.

Ilipofika 2020 wengi walikuwa wamesharekebisha elimu, na bado makosa ya tafiti za taifa yalikuwa makubwa kuliko katika miaka 40 iliyotangulia. Maelezo yanayoaminika zaidi ni kwamba hata ndani ya kikundi kimoja, wenye umri, rangi na elimu ileile, wafuasi wa Trump walijibu kwa uchache. Mzani wa sensa hauwezi kukamata tofauti hiyo.

Kuna pia suala la nani atajitokeza. Mwaka 2020 karibu theluthi mbili ya wenye haki walipiga kura. Uchaguzi wa katikati ya muhula wa 2022, ambao haukuwa wa rais bali wa bunge, ulivuta chini ya nusu. Mtafiti anaweza kuripoti watu wazima wote, waliojiandikisha, au wanaotarajiwa kupiga kura, na makundi hayo matatu yanaweza kutoa washindi tofauti. Kubashiri atakayejitokeza husaidiwa na daftari la wapiga kura, ambalo huonyesha nani alipiga kura miaka iliyopita, bila kuonyesha alimpigia nani. Usilinganishe utafiti wa Julai wa waliojiandikisha na wa Oktoba wa wanaotarajiwa kupiga kura, ukadhani nchi imebadili mawazo.

Kuhusu imani zenyewe, tahadhari iwe kubwa zaidi, kwa sababu swali huweza kuzaa jibu. Mwaka 1948 Wamarekani waliulizwa kama waandishi wa habari wa kikomunisti waruhusiwe kuripoti kutoka Marekani. Lilipoulizwa kwanza, asilimia 36 walikubali. Lilipotanguliwa na swali la kama waandishi wa Marekani waruhusiwe katika nchi za kikomunisti, waliokubali walifika asilimia 73. Na watafiti wa Cincinnati walipouliza kuhusu sheria ya 1975 ambayo haikuwahi kuwepo, takriban theluthi ya wahojiwa walitoa maoni juu yake. Vivyo hivyo kwa wanaojiita huru, wasio na chama, ambao katika tafiti za kampuni ya Gallup hupita asilimia 40. Wakiulizwa wanaegemea upande gani, wengi hutaja chama, na kwenye sanduku hupiga kura karibu kama wanachama. Walio huru kweli ni kama mmoja kati ya kumi.

Jambo la mwisho huwaponyoka hata wasomaji makini. Mwaka 2024 Ann Selzer, mtafiti aliyeheshimika kwa miaka mingi huko Iowa, alitoa utafiti ulioonyesha Kamala Harris mbele kwa pointi 3. Trump akashinda jimbo hilo kwa 13. Lilikuwa kosa kubwa, lakini kuchapisha takwimu iliyojitenga na nyingine ni uaminifu wa kazi. Kinachotia shaka ni kinyume chake. Katika jimbo ambalo wagombea wamefungana kabisa, tafiti kumi za watu 800 haziwezi zote kuonyesha sare au tofauti ya pointi 1. Kwa bahati nasibu pekee, zaidi ya nusu yake zingepaswa kuonyesha pengo la pointi 2 au zaidi, huku au kule. Zikifanana mno, kuna uwezekano mkubwa watafiti wamechunguliana kabla ya kuchapisha, na zile kumi zina taarifa ya tafiti mbili au tatu tu.