Milioni mbili zimekwisha, nyama iko wapi?

Juzi tena. Tulikuwa kwenye kikao cha kupitia taarifa za vikundi vya wanafunzi tunavyovipa ruzuku, hapa Tanga mjini, mjumbe mmoja akainua karatasi ya matumizi: "Milioni mbili zimekwisha. Nyama iko wapi?" Swali hili nimeulizwa na wahadhiri, maofisa, hata wazazi wa wanafunzi. Kikaoni nilijibu kwa mkato kwa sababu adhuhuri ilikuwa imeingia. Hapa nitajibu kwa nafasi.

Kilimo cha seli ni kutengeneza nyama au maziwa kwa seli na vijidudu badala ya kufuga mnyama. Ruzuku ndogo ya kikundi cha wanafunzi wa kilimo hicho si hela ya kuotesha nyama. Baga ya nyama ya seli ya mwanasayansi Mark Post, iliyoonjwa London Agosti 2013, iligharimu kama euro 250,000, na nyuma yake ilikuwapo maabara ya Chuo Kikuu cha Maastricht na mfuko wa Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google. Seli za misuli ya ng'ombe zinataka nyuzijoto 37, kabonidayoksaidi asilimia 5, midia, yaani majimaji yanayolisha seli, isiyo na kijidudu hata kimoja, na mtu asiyeruka zamu yake. Umeme ukikatika Ijumaa usiku, Jumatatu unamwaga. Anayedai hayo yote kwa milioni mbili hajawahi kushika flaski ya maabara.

Na nina ushahidi unaoniuma. Kikundi kimoja kiliwahi kuomba inkubeta ya mtumba, kabati la kutunzia seli kwenye joto lake, na mimi ndiye niliyetia saini. Mashine ilifika. Mtungi wa kabonidayoksaidi haukuwapo, kabati la hewa safi halikuwapo. Nilipokwenda kuwatembelea niliikuta chumbani kwa mwenyekiti, imefunikwa khanga, juu yake ndoo ya unga. Kikundi kilishakufa, kwa kuwa hela yote iliishia pale na hapakubaki nauli ya kikao hata kimoja.

Nauli na chai. Hapo ndipo wajumbe wanapokunja uso, na hapo ndipo mimi sirudi nyuma. Mwanafunzi anayetoka Muheza au Pangani Jumamosi asubuhi hulipa nauli kuja, hulipa kurudi, na mchana lazima ale. Ukifuta fungu hilo, kikao hakifi. Kitafanyika vizuri tu, ila watakuja wale wale wanaokaa karibu na wenye hela mfukoni, na wengi wao watakuwa wa baiolojia. Mwezi wa tatu utakuta watu sita wanaelezana mambo ambayo wote wanayajua. Kilimo cha seli hakijengwi na watu wa baiolojia peke yao. Kinamtaka fundi wa matangi, mtu wa lishe, mtu wa sheria, mfugaji, na huku kwetu kinamtaka pia mtu wa dini. Hao hawaji kwa sababu umebandika tangazo. Wanakuja wakifuatwa, wakilipiwa usafiri, wakipewa chakula cha heshima.

Halafu risiti. Mfadhili anataka risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa kila shilingi. Mama wa maandazi anaamka saa kumi alfajiri kukanda unga, mashine ya EFD hana. Basi mweka hazina, binti wa miaka ishirini na moja, anaogopa kuitwa mwizi, anaacha maandazi anakwenda kununua biskuti za dukani kwa bei maradufu ili apate karatasi. Watu wanakula nusu shibe, na hela imetumika vibaya kwa sababu tu ya kuogopa kuonekana imetumika vibaya. Mimi hupokea karatasi ya mkono yenye jina la muuzaji, tarehe, kiasi na saini. Nimegombana na watu kwa hilo na nitaendelea.

Sasa kinachonunuliwa na hiyo chai. Kwenye kikao kimoja kijana alikuwa anaeleza jinsi seli zinavyolishwa. Ustadhi mmoja aliyealikwa, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akauliza: "Mwanangu, hicho chakula chenyewe kinatoka wapi?" Kijana akajibu kwa ukweli: kwa desturi midia huongezwa seramu, nayo hutokana na damu ya ndama aliye tumboni. Chumba kizima kikanyamaza. Ustadhi hakukasirika, alisema tu, "Basi kazi yenu bado." Yule kijana alibadilisha mada ya utafiti wake wa mwaka wa mwisho, sasa anasoma midia zisizo na seramu. Baadaye, mwaka 2024, baraza la Kiislamu la Singapore, MUIS, lilitoa fatwa kwamba nyama ya seli yaweza kuwa halali kwa masharti, likiwamo la seli kutoka kwa mnyama anayeruhusiwa. Swali la chumba chetu kidogo lilikuwa swali la dunia nzima.

Kukutanisha watu si kazi ya pembeni. Waanzilishi wawili wa Perfect Day, kampuni ya Marekani inayotengeneza protini ya maziwa kwa vijidudu, hawakuwa wakifahamiana. Aliyewakutanisha mwaka 2014 ni Isha Datar wa New Harvest, shirika lisilo la faida linalosaidia utafiti wa kilimo cha seli.

Nina mashaka yangu, na siyafichi kwenye taarifa. Daftari la mahudhurio halinionyeshi nani ameelewa. Vikundi hufa kiongozi akihitimu, na dawa yake sijaipata. Nimejaribu kulazimisha makamu awe wa mwaka wa kwanza, imesaidia mara moja, mara mbili haikusaidia. Zito zaidi ni la maziwa. Mkoa huu una familia zinazosomesha watoto kwa ng'ombe wawili watatu. Protini ya maziwa ya matangini ikishuka bei, nani atakuwa amekaa mezani kwa niaba yao? Wapo wanaoniambia teknolojia bado ghali, nisihangaike. Nahangaika.

Ndiyo maana mwezi uliopita tulimwalika mama mmoja, mkulima wa mwani kutoka Mkinga. Wanafunzi walichemsha mwani aina ya kotoni, wakachuja, wakamimina kwenye vikombe vya chai. Ulipopoa, uji uligandamana. Binti mmoja akapindua kikombe juu ya sahani, ukabaki umesimama, ukitikisika. Akaeleza kwamba seli nyingi za nyama haziwezi kukua zikiwa zinaelea tu, zinataka pa kushika, na gundi za mwani ni miongoni mwa vitu vinavyojaribiwa kuwa kichanja chao. Mama yule akaubonyeza kwa kidole, akaunusa. Miaka yote alikuwa anauza mwani mkavu kwa kilo bila kuambiwa unakwenda kufanya kazi gani. Akauliza aina ya spinosamu ingeganda vipi. Hakuna aliyekuwa na jibu, maana hakuna aliyeijaribu.

Alisema ataileta mwenyewe, akauliza kikao kingine ni lini. Nikamwambia nitampigia. Sikumwambia kwamba fungu la nauli ndilo mjumbe wetu ameomba lifutwe, na uamuzi ni Alhamisi.