Mabaka ya kahawia kwenye ukoka si lazima yawe kiu

Bustani ikianza kupata mabaka ya kahawia, watu wengi Dar es Salaam hukimbilia mpira wa maji. Wanaamini ukoka una kiu. Mara nyingi hauna, na maji ya ziada ndiyo yanayoumaliza.

Chuchumaa kwanza, shika ukoka pembezoni mwa baka, uvute. Ukinyanyuka kama mkeka, mizizi imeliwa: fukua kidogo utafute funza weupe waliojikunja, watoto wa mbawakawa. Mizizi ikishikilia lakini majani yakachomoka kirahisi, yameoza shinani, na baka ni la mviringo, shuku kuvu, hasa wakati wa masika. Kuvu hupenda majani yanayolala yameloa. Mwagilia alfajiri, si jioni, na acha kuweka mbolea ya urea mpaka ukoka upone.

Kisima nacho kikaguliwe. Visima vingi vya huku pwani vina maji ya chumvi, na chumvi ikijikusanya ardhini ncha za majani huungua. Ukizidisha kumwagilia kidogokidogo kila siku, unaongeza chumvi ileile. Tafuta maji yasiyo na chumvi, ya bomba au ya mvua, umwage mengi kwa mara moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Baka dogo lenye pete ya kijani iliyokolea kwa kawaida ni mkojo wa mbwa, suuza tu.

Kiu ya kweli ina dalili zake: ukikanyaga, alama ya mguu hubaki, na bisibisi haizami udongoni. Hapo fungua mpira.