Je, wajua umeme huonaje plastiki ikioza kabla mizani haijagundua?

Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa nyuzi za ndani zitayeyuka zenyewe. Ni kweli zitapotea, ila neno "kuyeyuka" linapotosha kidogo. Sukari kwenye chai huliwa kuanzia nje, uzi wa daktari huchakaa nje na ndani kwa pamoja.

Chukua poliglaktini 910, uzi unaotumika sana kushonea tishu za ndani. Baada ya wiki 3 mwilini hubaki na takribani nusu ya nguvu zake, na bado uzi uko palepale. Kutoweka kabisa huchukua siku 56 hadi 70. Mhusika ni maji. Uzi huo ni plastiki, na plastiki ni polima, yaani molekuli zilizoungana kama minyororo mirefu, na maji yakipenya huanza kuikata. Mnyororo uliokatika vipande viwili una uzito uleule, lakini hauna tena nguvu ya kushikilia jeraha. Kwa hiyo ukiupima kwenye mizani utaambiwa ni mzima. Na ili kuupima ni lazima uutoe na kuukausha, ukishafanya hivyo jaribio la uzi huo limekwisha.

Hapo ndipo umeme unaposaidia, na mimi naona ni ufundi mzuri ajabu. Watafiti hupaka elektrodi ya chuma utando mwembamba wa polima, wakaizamisha kwenye maji ya chumvi yenye joto la mwili, nyuzijoto 37, kisha wakapitisha mkondo geu wa milivolti chache tu. Polima kavu haipitishi umeme. Ikikaa kati ya chuma na maji ya chumvi huwa kapasita, kifaa cha kutunza chaji. Kiasi cha chaji hutegemea kilichomo katikati: kwa polima za aina hii kipimo cha uwezo wa kutunza chaji ni kama 3, kwa maji kinazidi 70. Tofauti hiyo ni kubwa mno, hivyo maji kidogo tu yakiingia kwenye utando, kipimo hupanda. Baadaye vitundu vikifunguka, ioni za chumvi, yaani chembe zenye chaji, hupita na ukinzani, yaani kizuizi cha umeme kupita, hushuka. Yote hayo husomwa saa baada ya saa bila kugusa sampuli.

Kuna dalili nyingine tena. Minyororo hii ikikatika hutoa asidi, kama asidi ya laktiki. Kwenye kipande kinene asidi hunaswa ndani na kuharakisha uharibifu, ndiyo maana kiini huoza kabla ya ganda. Ikitoka nje kwenye maji yasiyo na chumvi, maji hayo huanza kupitisha umeme zaidi, na kihisi hukamata badiliko hilo.

Tahadhari moja ni ya lazima. Utando ukibanduka kwenye chuma, ukinzani pia hushuka, na anayesoma namba peke yake atadhani polima imeoza. Mtafiti makini hupima pia urefu wa minyororo katika sampuli nyingine za pembeni kabla ya kuiamini grafu yake.