Joho la dunia si uji wa moto

Binti mmoja wa darasa la tano ninayekaa naye Jumamosi hapa Shangani, Mtwara, alinirudishia tufe lake la udongo wa mfinyanzi, mfano wa dunia iliyokatwa kuonyesha matabaka yake, likiwa na alama ya kosa, imechorwa kwa kalamu nyekundu juu ya rangi ya kijani tuliyopaka pamoja kwenye joho, yaani tabaka lililo kati ya ganda la juu na kiini. "Mjomba, mwalimu kasema joho ni jekundu kwa sababu ni lava."

Nimeisikia kauli hiyo kwa walimu, kwa wazazi, hadi kwa wahandisi. Nimechoka nayo.

Joho ni mwamba yabisi, kuanzia chini ya ganda hadi kilomita 2,890 hivi. Kinachomiminika ni kiini cha nje, na kiini cha ndani ni yabisi tena kwa sababu ya mgandamizo. Basi.

Watoto huuliza swali ambalo wakubwa hawaulizi: umejuaje, na hujafika? Kweli, hakuna aliyefika. Shimo la Kola kule Urusi liliishia mita 12,262, bado ndani ya ganda. Tunajua kwa matetemeko. Kuna mawimbi yanayosukuma na mawimbi yanayotikisa kwa pembeni, na haya ya pili hayapiti kwenye kimiminika. Tunalijaribu hivi: donge la udongo mbichi linabanwa kati ya kigae na kibao. Sogeza kibao kushoto na kulia, kigae kinafuata. Halafu kigae kinawekwa chini ya beseni la maji, kibao kinaelea juu. Sukuma kibao utakavyo, kigae kimetulia tuli. Mawimbi ya kutikisa hulipita joho lote, yanakomea kwenye kiini cha nje. Joho lingekuwa uji, yasingevuka.

Hapo mzazi ananiuliza lava ya volkano yetu ya Ol Doinyo Lengai inatoka wapi. Inatoka kwenye joho, ndiyo, ila ni sehemu ndogo ya mwamba inayoyeyuka mgandamizo unapopungua, kama chini ya Bonde la Ufa. Nguo ikitoa jasho haina maana kwamba aliyeivaa ni maji. Na gesi asilia ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, haihusiki kabisa na moto wa chini: imo kwenye miamba ya ganda. Kwenye tufe lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, ganda la bara lina unene wa nusu milimita tu. Visima vyetu vyote vinaishia ndani ya rangi ya juu.

Kazi ngumu ni kueleza kwamba joho hilo hilo yabisi linatiririka, sentimita chache kwa mwaka, kama kucha zinavyoota. Nilihangaika sana hadi nilipopata mshumaa. Ulaze juu ya viberiti viwili, weka kokoto katikati, uache chumbani kwa joto letu la Desemba. Baada ya siku kadhaa umepinda. Haujayeyuka, hata tone halijaanguka. Chukua mwingine uupinde kwa haraka: unakatika, pwa! Watoto wakishika vipande vile viwili mkononi, kimoja kilichopinda na kimoja kilichovunjika, wananyamaza wanafikiri. Ukimya huo ndio ninaoufuata kila Jumamosi.

Sasa rangi. Nachagua kijani kwa sababu madini makuu ya joho la juu, olivini, ni ya kijani. Lakini lazima niseme ukweli: mwamba wenye joto la nyuzi zaidi ya 1,000 ungeng'aa mwekundu mbele ya macho, kwa hiyo mwalimu yule hakukosea rangi, alikosea sababu. Tena kuanzia kilomita 410 hivi olivini hugeuka madini mengine, na kijani changu hakina uhalali huko. Chini kabisa, karibu na kiini, chini ya Afrika yetu hii, kuna eneo kubwa mno ambako mawimbi hupunguza mwendo. Je, ni joto tu, au ni mwamba wa aina nyingine? Wataalamu bado wanabishana, na vitabu vya shule vinachora mstari laini kana kwamba hakuna kitu.

Nilimwambia binti hayo yote. Akachukua kisu, akakwangua kijani cha sehemu ya chini ya joho, akauacha udongo wazi. Jumatatu alirudi nalo shuleni, mshumaa uliopinda ukiwa mfukoni.