Oili na filta za lori la zamani la jeshi: uliza kwanza zitagusa nini

Chati ya ulainishaji ambayo jeshi la Marekani liliandaa kwa ajili ya lori la M35A2 haikutungwa kwa majina ya kampuni. Imejaa herufi: OE/HDO, GO, GAA, na kwenye matoleo ya baadaye BFS. Fundi wa jeshi alizijua herufi hizo kama alivyozijua spana zake. Mtu aliyelinunua lori lilelile miaka mingi baadaye anazitazama, hazimwambii kitu, anakwenda dukani kuomba "oili nzito ya dizeli" na "filta inayoingia". Nimefungua injini na giaboksi za kutosha kujua maombi hayo mawili huishia wapi, ndiyo maana nataka kueleza ninavyochagua mimi.

Kabla ya kuuliza oili ipi ni nzuri, mimi huuliza itagusa nini. Itapita kwenye beringi na turbo? Italala juu ya bushi za shaba? Itakaa na mpira wa breki miaka kumi? Lori moja lina majibu manne au matano tofauti, na umri wa lori si mojawapo.

Tuanze na zile herufi. OE/HDO ni oili ya injini ya kazi nzito, GO ni oili ya gia, GAA ni grisi, na BFS ni mafuta ya breki ya silikoni. Nchi za NATO zina namba zao kwa vitu hivyohivyo: O-1236 ni oili ya injini yenye mnato wa 15W-40, O-226 ni oili ya gia yenye mnato wa 80W-90, na G-403 ndiyo ile grisi ya GAA. Ukikuta namba hizo zimepigwa chapa kwenye debe au kwenye kitabu cha gari, usihangaike tena, umeshapata tafsiri yake.

Oili ya injini ndiyo inayobishaniwa zaidi, ingawa kwa kweli ndiyo rahisi kuliko zote. M35A2 inatumia injini ya LDT-465, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, takriban lita 7.8, yenye turbo, iliyobuniwa iweze kuchoma dizeli, mafuta ya ndege na hata petroli kwa dharura. Mgandamizo wake ni 22 kwa 1, na inatoa masizi mengi. Injini ya namna hii inataka oili yenye visafishaji na vibeba-masizi vya kutosha. Ule ushauri kwamba injini ya zamani ipewe oili isiyo na visafishaji unatokana na injini za kale zaidi zisizokuwa na filta, ambako uchafu uliachwa utulie chini ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuudaka. Hapa ushauri huo ni sumu. Hata wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia jeshi la Marekani lilishaanza kuagiza oili zenye visafishaji kwa injini zake. Oili ikigeuka nyeusi wiki moja baada ya kuibadilisha, usishtuke. Imeyabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye pistoni, na hiyo ndiyo kazi uliyoilipia.

Mimi naweka SAE 15W-40 ya dizeli nzito, daraja la CK-4 au CI-4 la API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. CI-4 ilikuja mwaka 2002. CJ-4 iliyofuata mwaka 2006 ilipunguziwa majivu, yale yanayobaki oili ikiungua, ili isizibe vichujio vya moshi vya malori mapya, na hapo ndipo wenye magari ya zamani walipoingiwa hofu kwamba kinga ya chuma imepunguzwa. Swali lao ni halali. Jibu langu linategemea dizeli unayochoma. Salfa kwenye dizeli huzaa asidi ndani ya injini, na asidi hiyo huuliwa na akiba ya alkali iliyomo kwenye oili, ile inayoandikwa TBN. Kama dizeli yako ni ya salfa ndogo, CK-4 inatosha kabisa. Kama ni ya salfa nyingi, tafuta CI-4 yenye TBN kubwa, na ibadilishe mapema zaidi. Usiiguse FA-4. Hiyo ni nyepesi kwa makusudi, imetengenezwa kwa injini mpya zenye nafasi finyu za beringi, na ukiiweka kwenye injini ya zamani utando wa oili hautatosha kuzibeba beringi zake.

Kuna familia moja inayojitenga na haya yote. Lori au gari la jeshi lenye injini ya Detroit ya mipigo miwili, kama ile ya 3-53 iliyomo kwenye M561, lipewe SAE 40 ya mnato mmoja, yenye majivu chini ya asilimia 1. Usiibadilishie kwa 15W-40 hata kama muuzaji anaapa.

Sasa filta, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hukesha wakibishania oili halafu filta wakaichukua kwa kupima uzi wa skrubu tu.

Filta ya oili ina valvu ya mchepuko. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi, valvu hufunguka na oili ikapita bila kuchujwa, kwa kuwa beringi ni afadhali ipate oili chafu kuliko ikose kabisa. Valvu hiyo kwenye injini nyingine imo ndani ya filta yenyewe, kwenye nyingine imo kwenye kichwa cha kushikilia filta. Filta mbili zinaweza kufanana uzi, kipenyo na hata rangi, moja ikiwa na valvu na nyingine haina. Ukifunga isiyo nayo kwenye injini isiyo na valvu ya kichwani, asubuhi ya baridi karatasi inapasuka au beringi zinakosa oili. Ukifunga yenye valvu laini kuliko inavyotakiwa, sehemu kubwa ya oili itakuwa inazunguka bila kuchujwa nawe hujui. Kwa hiyo linganisha presha ya kufungukia valvu, si uzi peke yake.

Jambo la pili ni uwezo wa kuchuja. Tangazo likisema "mikroni 10" bila maelezo zaidi, halijasema kitu. Filta inayodaka nusu ya chembe za ukubwa huo na inayodaka karibu zote zinaweza kuandikwa vilevile. Tafuta namba ya beta. Beta ya 2 maana yake katika kila chembe mbili moja hupita. Beta ya 75 maana yake katika kila chembe 75 hupita moja, yaani zaidi ya asilimia 98 zimedakwa. Muuzaji asiyeweza kukupa namba hiyo, au angalau namba ya sehemu ambayo mtengenezaji anaihusisha na injini yako, nunua kwingine.

LDT-465 hutumia makopo mawili yenye vichujio vya ndani vya karatasi, na kila kopo lina gasketi inayokaa ndani ya mfereji kichwani. Gasketi ya zamani hugeuka ngumu kama plastiki na kujificha mle ndani, rangi moja na uchafu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu niliweka gasketi mpya juu ya ya zamani bila kujua. Injini iliwaka vizuri, presha ikapanda, kisha oili ikatoka kwa mpigo na kuenea sakafuni kabla sijaufikia mpini wa kuzimia. Injini ilisalimika kwa sababu nilikuwa nimesimama palepale. Tangu siku hiyo natumia ndoano nyembamba, nautoa mpira wa zamani, nauhesabu mkononi, kisha napitisha kidole mfereji mzima. Wapo wanaofunga adapta ili watumie filta za kisasa za kuzungusha, nami naziunga mkono, mradi suala la valvu nililolieleza limejibiwa kabla ya kununua.

Ukishabadilisha, makopo yale ni matupu na yanameza oili nyingi kabla ya kuipeleka mbele. Usiwashe moja kwa moja. Vuta mpini wa kuzimia injini, ukiwa umeuvuta zungusha starta kwa vipindi vifupi mpaka mshale wa presha uinuke, ndipo uachie na kuwasha. Usikanyage moto mpaka presha itulie. Turbo inazunguka kasi kuliko kitu chochote kwenye lori hilo na inakaa juu, mwisho wa foleni ya oili.

Giaboksi ndiko ambako kuuliza "itagusa nini" kunalipa zaidi. Oili ya gia ya daraja la GL-5 ina viungio vya salfa na fosforasi vingi kuliko GL-4. Viungio hivyo huokoa meno ya difu yanayosuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Salfa hiyohiyo, ikiwa ya aina kali, hula shaba na aloi zake: ringi za sinkromeshi, bushi, washa. Dalili huja polepole, gia zinaanza kugoma kuingia, na ukimwaga oili unaona vumbi la dhahabu. Difu ipewe GL-5 bila mjadala. Giaboksi yenye shaba ndani mimi naipa GL-4, au GL-5 ambayo mtengenezaji wake anaonyesha matokeo mazuri ya jaribio la ukanda wa shaba, ASTM D130. Alama ya 1a au 1b, yaani shaba imebadilika rangi kidogo tu, inanitosha.

Na ukisoma kitabu cha jeshi, angalia herufi ya mwisho. MIL-L-2105, kiwango cha jeshi cha oili ya gia, bila herufi inakaribiana na GL-4. MIL-L-2105B na zilizofuata ni za kundi la GL-5. Herufi moja, oili mbili tofauti kabisa.

Breki sina subira nazo. Jeshi la Marekani lilihamia mafuta ya silikoni, DOT 5, miaka ya 1980. Hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, ambayo si ya silikoni, na DOT 5.1, licha ya jina, si ya silikoni. Nimewahi kupokea lori lililoongezewa tu "mafuta ya breki": ndani ya silinda kuu palikuwa na uji na mipira imevimba. Kama hujui kilichomo, usiongeze hata tone. Safisha mfumo wote, badilisha mipira, anza upya na aina moja.

Kwenye hewa, malori mengi ya kale yana filta ya bakuli la oili. Jaza oili ya injini mpaka alama, usizidishe, maana injini ya dizeli ikiinyonya itaichoma kama mafuta na inaweza kukimbia yenyewe hata ukiizima. Filta za dizeli zina koki ya kumwagia maji chini, na lori lililolala muda mrefu litaziba mbili au tatu za kwanza kwa uchafu wa tanki. Nunua za akiba mapema.

Lori hizi hutembea kidogo na kulala sana, kwa hiyo nahesabu miezi, si kilomita. Mara moja kwa mwaka oili inatoka, hata kama kipimo kinaonyesha ni safi, kwani unyevu na asidi havionekani kwa macho. Kiwango kikipanda juu ya alama badala ya kushuka, nusa: dizeli inavuja kuingia kwenye sampu, na hapo hakuna oili itakayokusaidia mpaka uvujaji upatikane. Kisha nakata filta iliyotoka, nakunjua karatasi juu ya gazeti na kupitisha sumaku. Vinavyonata ni chuma. Vinavyong'aa na kubaki navisugua kwa kidole kwenye mwanga: vya njano ni shaba, vyeupe laini mara nyingi ni aluminiamu au risasi ya beringi. Karatasi hiyo naiandika tarehe na kuitunza, ili mwakani niilinganishe na itakayotoka.